Sekunde 20 Ndani ya Lifti

Milango ya lifti inajifunga. Ndani wamo wanaume wawili, wote askari, ingawa mmoja ameishi na majambazi muda mrefu kiasi cha kuanza kufanana nao. Wametoka kuimaliza korido nzima ya hospitali kwa risasi, na kamera imewafuata hatua kwa hatua, mara nyuma yao, mara ubavuni, mara mbele, bila kukatwa hata mara moja. Vioo vimepasuka, karatasi zimetapakaa sakafuni, kuta zimetobolewa. Lifti inapanda. Wanahema, wanajaza risasi, wanasemezana kidogo. Milango inafunguka katika ghorofa nyingine na vita vinaanza upya. Picha hiyo moja, tangu ianze hadi ikatwe, ina takriban dakika 2 na sekunde 40.

Ghorofa nyingine haikuwapo. Lifti haikupanda popote. Wale wawili walipokuwa wakisemezana nyuma ya milango iliyofungwa, mafundi walikuwa na sekunde zipatazo 20 za kufagia vioo, kuondoa vilivyovunjika na kuwapanga waigizaji wengine mahali pao, ili korido ileile ionekane kuwa korido ya juu. Filamu ni Hard Boiled ya mwaka 1992. Mwongozaji ni John Woo, na waliomo ndani ya lifti ni Chow Yun-fat na Tony Leung. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi mno, na kila lifti inapofungwa macho yangu hubaki kwa Tony Leung, lakini moyo wangu uko nje ya milango, pamoja na wenye mifagio.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na mahafali. Si filamu, lakini ni kazi ya kukata na kuunga, na anayekata na kuunga kila siku hujifunza kuheshimu uamuzi uliofanywa kabla kamera haijawashwa. Mpiga picha wa harusi hukusanya kila kitu: kamera tatu, saa sita za kurekodi, bibi harusi akiingia ukumbini kutoka pembe zote. Maana itatafutwa baadaye, usiku, mezani kwangu. Woo na wenzake wa Hong Kong walifanya kinyume. Maana walikuwa wameshaipata kichwani, na kamera ilitumwa kwenda kuichukua. Walipoitwa Marekani mmoja baada ya mwingine katika miaka ya 1990, watu walidhani watashindwa na lugha, au na mila, au na umri wa mastaa. Mimi naamini walichonyang'anywa mlangoni kilikuwa kitu kidogo zaidi na cha thamani zaidi: ruhusa ya kuamua mapema.

Ili kuona walichonyang'anywa, lazima kwanza tuone walivyofanya kazi kwao. Katika miaka yake ya neema, Hong Kong, mji wa watu takriban milioni 6, ulitoa filamu zaidi ya 200 kwa mwaka. Kasi hiyo haikuruhusu urasimu. Mara nyingi mswada haukuwa umekamilika kazi ilipoanza. Filamu nyingi zilirekodiwa bila sauti, maneno yakaingizwa baadaye studioni, na hilo liliifungua kamera: iliweza kukimbia, kupanda, kulala chini, bila mtu kuhofia kipaza sauti kuonekana, na mwongozaji aliweza kupaza sauti akimwelekeza mwigizaji katikati ya tukio. Kila filamu ya mapigano ilikuwa na mkuu wa mapigano mwenye kikosi chake cha vijana waliozoeana, wanaojua nani huanguka vizuri mgongoni na nani huruka dirishani bila kufumba macho. Siku ya mapigano, huyo mkuu ndiye aliyeshika usukani, na mwongozaji mwenyewe mara nyingine aliketi pembeni akitazama.

Na mapigano hayakurekodiwa yote kwa pamoja. Fundi wa Hong Kong alianza na pigo moja. Ngumi inakwenda: hiyo ni picha. Kamera inahamishwa, lenzi inabadilishwa, taa zinasogezwa. Shavu linapokea: picha ya pili. Kamera inahamishwa tena. Mwili unavunja meza: picha ya tatu. Kila kipande kilirekodiwa kwa pembe yake pekee, kwa urefu wake pekee, kwa sababu tayari ilijulikana kitaungana na nini kabla yake na nini baada yake. Hakukuwa na akiba ya kutosha ya picha za kuamulia baadaye. Mhariri aliyekabidhiwa vipande hivyo hakuwa na njia nyingi za kuvipanga, kama fundi seremala aliyeletewa mbao zilizokwisha kukatwa kwa kipimo cha mlango mmoja tu.

Msomi wa Kimarekani David Bordwell, aliyeandika kitabu kizima kuhusu sinema ya Hong Kong mwaka 2000, alionyesha jambo ambalo sisi wa mabenchi ya vibanda vya video tulilihisi bila kulitaja: mapigano haya yana tuo. Mwili unatulia, unalipuka, unatulia tena. Shujaa anasimama kama sanamu nusu sekunde kabla ya kurusha teke, na teke likishatua anasimama tena, jicho lipate kuelewa kilichotokea. Anayeghani shairi analijua jambo hili kifuani mwake. Mizani nane za ukwapi, pumzi, kisha mizani nane za utao. Ukiiondoa ile pumzi, maneno yanabaki yaleyale lakini shairi limekufa.

Nilikuwa mtoto wa kibanda. Mkanda uliingizwa kwenye deki, na juu ya Kikantoni ikaja sauti ya mtafsiri akitusimulia kwa Kiswahili. Kwa Tanzania jina la mtafsiri Lufufu lilikuwa kubwa kuliko la stelingi, kama lilivyokuja kuwa jina la DJ Afro upande wa Kenya. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuhariri, ndipo nilipotambua kwa nini filamu za Hong Kong zilikubali masimulizi yale kwa urahisi hivyo. Zilikuwa na matuo. Mtafsiri alipata pa kupenyeza neno lake kati ya mlipuko na mlipuko, na sisi tulipata nafasi ya kupiga kelele.

Woo alifika kwenye ufundi huu kwa njia ndefu. Alizaliwa Guangzhou, familia yake ikahamia Hong Kong, ikaishi katika mabanda ya Shek Kip Mei mpaka moto mkubwa wa mwaka 1953 ulipoteketeza makazi yale na kuwaacha nje. Shule aliisoma kwa msaada wa watu wa kanisa kutoka Marekani, na kanisa halikumtoka tena. Atazame mtu filamu zake ahesabu misalaba na mishumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa msaidizi wa Chang Cheh, bingwa wa filamu za upanga pale Shaw Brothers, ambaye mashujaa wake waliapiana na kufa pamoja kama ndugu wa chale. Baada ya hapo akapewa vichekesho, kimoja baada ya kingine, kwa miaka kadhaa. Mtu anayetaka kujua Woo alijifunzia wapi kupima nusu sekunde asiidharau miaka ile. Kichekesho kikichelewa kidogo tu, hakichekeshi, na risasi ni hivyohivyo.

Mwaka 1986, Tsui Hark akiwa mtayarishaji, Woo alitoa A Better Tomorrow. Ndani yake kuna korido nyingine, na kwangu hiyo ni nzuri kuliko ile ya hospitali. Mark, anayeigizwa na Chow Yun-fat, anaingia mgahawani akiwa na koti refu na mwanamke ubavuni. Anatembea polepole, anacheka, anacheza, na huku anacheka anatumbukiza bastola moja baada ya nyingine katika vyungu vya maua vilivyopangwa ukutani. Wimbo unaendelea kupigwa. Anafungua mlango wa chumba cha wageni, anaua waliomo, kisha anarudi kinyumenyume kwa njia ileile. Bastola za mkononi zikiisha risasi anazitupa, anachukua nyingine chunguni. Zikiisha hizo, chungu kinachofuata.

Tazama kazi iliyofanyika pale. Alipokuwa anaingia, tulionyeshwa vyungu bila kuelezwa lolote. Alipokuwa anatoka, hatukuhitaji maelezo, kwa sababu ramani ya korido ilikuwa imeshaingia vichwani mwetu: chungu kiko wapi, mlango uko wapi, hatua ngapi zimebaki. Kwa hiyo majeruhi mmoja anapoinuka na kumpiga Mark risasi ya mguu, maumivu yanatufikia, maana tulijua alikuwa amebakiza kidogo tu kufika. Mwendo wa pole haukuwekwa kwa urembo. Umewekwa kwenye kuingia na kwenye kurudi ili tuhesabu hatua pamoja naye. Filamu ile ilivunja rekodi ya mapato Hong Kong, vijana wakaanza kuvaa makoti marefu katika joto la mji ule, na Chow, ambaye wenye kumbi walikuwa wamemkatia tamaa, akawa mfalme.

Zikaja The Killer mwaka 1989, Bullet in the Head mwaka 1990, kisha Hard Boiled. Marekani ikabisha hodi.

Filamu yake ya kwanza huko ilikuwa Hard Target, mwaka 1993, chini ya Universal, ikirekodiwa New Orleans na Jean-Claude Van Damme kama stelingi. Studio ilikuwa na wasiwasi na mgeni huyu asiyezungumza Kiingereza vizuri, ikamtaka Sam Raimi, mmoja wa watayarishaji, awepo kazini kumwangalia. Raimi mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu za Woo, na hilo lilikuwa bahati. Lakini mwongozaji ambaye jana alikuwa akiamua kila pembe, leo alikuwa na watu nyuma ya bega lake.

Utaratibu wa Hollywood ni huu. Tukio hurekodiwa kwanza lote kwa picha pana, tangu mwanzo hadi mwisho. Hurudiwa lote kwa picha ya kati. Hurudiwa kwa uso wa huyu, kisha uso wa yule. Mwishoni studio ina mlima wa picha, na kutokana na mlima huo filamu kumi tofauti zinaweza kutengenezwa. Kisha toleo la majaribio huonyeshwa kwa watazamaji wa kawaida, wanajaza karatasi za maoni, na filamu inakatwa upya kufuatana na karatasi hizo. Sitaki kuukejeli utaratibu huu. Filamu inayogharimu mamilioni ya dola ina benki na bima nyuma yake, na aliyetoa fedha anataka kubaki na uwezo wa kubadili mawazo. Mimi mwenyewe naishi kwa utaratibu huo kila Jumamosi ya harusi. Ila ni utaratibu uliobuniwa ili uamuzi ucheleweshwe, na ufundi wa Hong Kong ulijengwa juu ya uamuzi uliokwisha kufanyika. Huwezi kumkabidhi seremala gogo zima na wapimaji watano ukategemea mlango uleule.

Ikaongezeka bodi ya ukadiriaji wa filamu. Ili kumbi za kawaida ziipokee, Hard Target ilihitaji daraja la R, na bodi iliirudisha mara kadhaa, kila mara vikipunguzwa vipande vingine vya ukatili. Toleo la awali la Woo lilizidi saa mbili. Kilichofika kumbini kilikuwa dakika 97. Watu huhesabu damu iliyotolewa. Mimi huhesabu fremu. Ukiondoa fremu 12 katika mauaji, umeondoa nusu sekunde, na nusu sekunde mara nyingi ndilo lile tuo, ile pumzi kati ya ukwapi na utao. Mtazamaji hajui kilichokosekana. Anahisi tu kwamba mapigano yana haraka.

Kwamba shida haikuwa Kiingereza, ushahidi ni wenzake. Ringo Lam, aliyetengeneza City on Fire mwaka 1987, alikuwa amesomea filamu Toronto. Tsui Hark alisomea Texas. Wote wawili waliijua Amerika ya Kaskazini kwa macho yao, na wote wawili, kama Woo, walipokelewa kwa mtihani uleule: filamu ya Van Damme. Lam alipewa Maximum Risk mwaka 1996. Tsui alipewa Double Team mwaka 1997 na Knock Off mwaka uliofuata. Katika Double Team kuna pembe za kamera ambazo mtu mwingine asingezithubutu, lakini zinapita kama wageni waliokosea nyumba. Hakuna anayewakaribisha kukaa. Tsui alirudi Hong Kong na mwaka 2000 akatoa Time and Tide, ambamo watu wanashuka kwa kamba kwenye kuta za majengo ya kupanga, kupita madirisha na nguo zilizoanikwa, wakipigana. Ni mtu yuleyule. Hakuwa ameusahau ufundi wake kwa miaka miwili kisha akaukumbuka.

Jackie Chan alikuwa ameonja haya mapema. Mwaka 1985 aliigiza The Protector chini ya mwongozaji wa Kimarekani James Glickenhaus, wakashindwa kuelewana namna ya kurekodi mapigano, na kwa soko la Asia Chan alirekodi matukio ya ziada na kuikata upya. Mwaka huohuo akaongoza mwenyewe Police Story. Mwishoni, ndani ya jengo la maduka, anaruka na kuteleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa za umeme, taa zikilipuka njia nzima hadi chini. Tukio hilo tunaonyeshwa mara tatu mfululizo, kutoka pembe tatu. Mhariri wa kawaida angesema mara moja yatosha. Chan alijua kwamba mara ya kwanza tutashtuka, mara ya pili tutaamini, na mara ya tatu ndipo tutaona urefu wa nguzo.

Jambo linalonifariji katika historia hii ni Yuen Woo-ping, mkuu wa mapigano kutoka Hong Kong. Alipoitwa kutengeneza mapigano ya The Matrix, filamu iliyotoka mwaka 1999, waigizaji walitengewa takriban miezi minne ya mazoezi chini yake na vijana wake kabla ya kurekodi. Dada wawili wa Wachowski walikuwa wanafunzi waaminifu wa sinema ya Hong Kong. Waliagiza pigo, wakaagiza na muda wa kulipika. Itazame tena ile sehemu ya mazoezi kati ya Keanu Reeves na Laurence Fishburne, uone wanavyotulia, wanavyolipuka, wanavyotulia.

Woo naye alipata mwaka wake mmoja. Ulikuwa mwaka 1997, Paramount, Face/Off. Mswada wa awali uliiweka hadithi katika siku za mbali zijazo, na Woo akaomba sehemu kubwa ya makorokoro hayo iondolewe ibaki kiini: askari na gaidi waliobadilishana nyuso. Askari ni Sean Archer, aliyefiwa na mtoto wa kiume kwa risasi ya Castor Troy iliyomlenga yeye. John Travolta na Nicolas Cage wakapewa kila mmoja kumwigiza mwenzake. Safari hii Woo alikuwa na nafasi, na alijua la kuifanyia.

Kuna mapigano katika nyumba moja, milio pande zote, na katikati mtoto mdogo amevishwa vipokea sauti masikioni asisikie kinachoendelea. Sisi tunasikia anachosikia yeye: Over the Rainbow. Bunduki zinaendelea kutema moto lakini wimbo ndio unaoongoza. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa tuo lililotandazwa juu ya vurugu nzima. Mwili wa filamu unalipuka huku pumzi yake imetulia. Kidogo baadaye, wale wanaume wawili wanajikuta wameegemea pande mbili za ukuta mmoja wenye vioo. Kila mmoja anageuka na kuinua bastola. Kiooni kila mmoja anaiona sura ya adui yake, kwa kuwa ndiyo anayoivaa, na nyuma ya kioo hichohicho adui yupo kweli. Woo anawaacha wasimame. Hapana haraka. Tunapata muda wa kuelewa kwamba risasi moja itapiga sura anayoichukia na sura aliyopoteza. Kisha vioo vinapasuka.

Ule ni uamuzi wa mapema. Hakuna mlima wa picha ambao ungeweza kuangukiwa na kitu kama kile kwa bahati mezani pa mhariri. Filamu iliingiza takriban dola milioni 245 duniani kote, na watazamaji walewale ambao karatasi zao za maoni zinaogopwa sana walikaa kimya kwenye kioo.

Baada ya hapo akapewa Mission: Impossible 2, iliyoongoza kwa mapato duniani mwaka 2000. Mapato hayo sidhani kama yanatosha kuificha filamu iliyobanwa kutoka toleo refu mno. Njiwa wanapita mlangoni penye moto, wazuri, wakiwa hawana kazi. Kisha Windtalkers ya mwaka 2002, iliyogharimu karibu dola milioni 115 na kurudisha chini ya milioni 80. Kisha Paycheck, mwaka 2003. Akafunga virago.

Alichokifanya China kilichukua miaka kadhaa: Red Cliff, sehemu mbili, mwaka 2008 na 2009, zaidi ya saa nne kwa jumla, kuhusu vita vya majini vya mwanzoni mwa karne ya 3. Nchi za Magharibi zilionyeshwa toleo moja lililofupishwa, na namsihi anayeweza atafute lile refu. Ndani yake njiwa anaachiwa kutoka kambi moja, anavuka mto mpana, anapita juu ya maelfu ya merikebu, anaendelea mpaka ndani ya kambi ya adui, na kamera inamfuata njia nzima. Kwa safari hiyo moja tunaupata upana wa mto, wingi wa adui, na mpangilio wa majeshi mawili. Ni vile vyungu vya maua vya mwaka 1986, safari hii vimepandwa katika mto mzima.

Aliporudi Marekani na filamu mpya, miaka 20 ilikuwa imepita tangu Paycheck. Silent Night, ya mwaka 2023, inamhusu baba aliyefiwa na mtoto mkesha wa Krismasi katika ufyatulianaji wa risasi wa magenge, kisha naye akapigwa risasi ya koo na kupoteza sauti. Karibu filamu nzima haina mazungumzo. Si kazi yake bora. Hadithi ni nyepesi na majambazi hawana uso wa kukumbukwa. Lakini baba yule anatumia sehemu kubwa ya filamu akijiandaa. Anajifunza kupigana, anajifunza kulenga, anaiandika tarehe kwenye kalenda na kusubiri.

Niliitazama nyumbani usiku, watoto wamelala chumba cha pili. Walipogeuka kitandani nikapunguza sauti, kisha nikaizima kabisa, nikakumbuka kwamba filamu zile za mwanzo nazo zilirekodiwa hivyo, bila sauti. Karakana ya baba, mikono yake, gari likifungwa mabati. Niliendelea hadi mwisho bila kuiwasha.